Mtu Aliyelikataa Neno Tingatinga

Ukisema "tingatinga" mbele ya Dereva, alikuwa anazima injini. Si kupunguza moto, anazima kabisa, anashuka taratibu kwa mguu wa kushoto, anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kuliko mikono yenyewe, halafu anakuja mpaka uliposimama. "Umesemaje?" Kama una akili, ulijibu kwamba hujasema kitu. Kama huna, ulirudia, na hapo ulisimama juani ukasikiliza darasa zima. Trekta ni la kulima. Greda ni la kukwangua barabara. Lile lenye kijiko ni la kuchota. Na hili hapa, lenye bamba mbele na minyororo badala ya magurudumu, ni buldoza, kazi yake kusukuma.

"Kila chuma kina kazi yake na jina lake," alisema. "Mwite mkeo kwa jina la dada yake, tuone kama utapewa ugali."

Tulicheka. Alipotupa mgongo tu, tukasema tingatinga.

Mimi shule nilikaa miaka miwili, na wa pili nikaugua macho, kwa hiyo hesabu mwenyewe kama ni miwili au ni mmoja. Lakini haya naandika kwa mkono wangu. Anayenijua, kuanzia Nkoma mpaka Bariadi mjini, anajua kwamba nyumba ya kwanza ya bati upande wetu ni yangu, na lori la kwanza la mtu mweusi kubeba pamba ya upande wetu lilikuwa langu, na sikurithi hata jembe. Ninavyo vya kujisifia na sioni haya kuvitaja. Sasa nataka kueleza habari za Dereva, kwa sababu watu husema lambo la kwetu tulilijenga mimi na yeye, nami nimewaacha waseme hivyo kwa muda mrefu.

Neno lilitufikia kabla ya mashine. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni, wakati serikali ya Mwingereza ilipokuwa inachimba malambo kote Usukumani ili ng'ombe wapate maji ya kiangazi bila kuswagwa mpaka ziwani. Waliotoka Nyashimo kununua samaki walisimulia kwamba kuna kitu kinakuja, kinalia ting, ting, ting, na mbele yake kilima kinahama. Basi kilipofika kwetu kilikuwa tayari kina jina, na jina likaanza kazi zake lenyewe. Jirani yangu mmoja, mjane mwenye mikono kama mipini, aliyekuwa anamaliza matuta matatu ya pamba wenzake wakiwa kwenye la kwanza, akaitwa Mama Tingatinga, akalipenda. Fahali akivunja zizi, tingatinga. Mgeni akimaliza ugali wa watu wanne, tingatinga. Vijana waliolima kwa ngoma, safu moja, majembe yakipanda na kushuka pamoja, waliimba kwamba wao ndio tingatinga na lile la serikali ni mtoto wao.

Siku moja kwenye baraza la mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, mtu alimshtaki mwenzake kwamba ameingia shambani kwake "kama tingatinga". Dereva alikuwa anapita na dumu la mafuta. Akaliweka chini, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwanangwa, mimi si wa kesi hii. Ila buldoza haliingii shamba la mtu mpaka lipigiwe vigingi. Huyu hakupigiwa vigingi. Huyu ameingia kama mbuzi."

Mwanangwa alicheka mpaka kesi ikaahirishwa.

Jina lake wengine walilijua, mimi pia nililijua, lakini sikuwahi kulitumia na sitalitumia hapa. Alikuwa Dereva. Alipokuja kwetu alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza masikioni, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo hata jua likiwa la saa saba. Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Sisi tulikisema kama watu wanaovuka mto kwa kuruka mawe. Kisukuma alijifunza, ila cha salamu na cha matusi madogo tu. Alisema hivyo viwili vinamtosha mtu kuishi popote.

Udongo aliuonja. Nasema kwa sababu nimeona. Alichota wa shimoni, akautia maji kidogo, akausokota viganjani mpaka ukawa uzi kama mkia wa panya. Uzi ukikatika, alitema mate na kusogea mbele. Usipokatika, aling'ata kipande, akakitafuna kwa meno ya mbele, akatikisa kichwa kama mama aliyeonja chumvi ya mboga. "Huu unashika," alisema. Na kulikuwa na maneno mengine aliyapenda, nimeyakopa mara nyingi bila kumtaja: "Udongo hauna haraka, mwenye haraka ni mvua." Na hili: "Chuma kinachimba, chuma hakishindilii."

Hili la pili wengi hawakulielewa, kwa hiyo nalieleza. Buldoza linaweza kukusanya udongo ukawa tuta refu la kuzuia maji, mtu akalitazama akasema limekwisha. Halijakwisha. Ndani udongo ule umelala kama pamba kwenye gunia lisilokanyagwa, una hewa. Minyororo ya mashine ni mipana, uzito unatawanyika. Inatakiwa kitu kizito chenye mguu mdogo, kipite mara nyingi, tabaka kwa tabaka. Kwa kazi hiyo alikuwa na pipa la chuma lenye meno, linalokokotwa na buldoza lenyewe.

Na mtu huyu wa chuma alikuwa anaogopa ng'ombe. Si kidogo. Ndama akimsogelea kumnusa, Dereva alikuwa juu ya kiti cha mashine kabla hujasema lolote. Watoto walimtania, wazee walimhurumia. Baadaye alipooa binti wa baba yangu mdogo, tukawa mashemeji, ilibidi alete mahari ya ng'ombe kumi na wawili. Aliwanunua mnadani, na akaja nao mwenyewe kwa sababu alisema ni aibu mtu mwingine akuletee mahari yako. Ng'ombe waliingia uani saa nne asubuhi. Dereva aliingia saa tano, maana alikuwa akiwaswaga kutoka mbali, anapiga mluzi.

"Shemeji," nilimwambia, "hawa wamekuleta au umewaleta?"

"Tumekuja njia moja," akasema. "Mengine yaache."

Sasa nifike kwenye tuta.

Mwaka ule wa lambo, tuta likiwa limefika kimo cha watu wawili, na mawingu yameanza kukaa upande wa Serengeti kila jioni, mnyororo wa buldoza ulikatika, na pamoja nao kikavunjika kitu cha ndani nisichojua jina lake, kikawa cha kusubiriwa kutoka Mwanza. Bila buldoza, lile pipa lenye meno halina wa kulikokota. Robo tatu ya tuta ilikuwa imeshindiliwa. Robo ya juu yote ilikuwa udongo uliolala tu. Mvua ikija, maji yatapanda, yatatafuta hewa ile, yatatoboa, na tuta lote litashuka na mto mpaka kwenye nyumba za bondeni. Nyumba ya kwanza bondeni ilikuwa ya Mama Tingatinga.

Dereva alimwendea mwanangwa. Akasema kuna njia moja, ng'ombe. Mguu wa ng'ombe ni mdogo na uzito wake ni mkubwa. Kila nyumba ilete ng'ombe wake wote, wapite juu ya tuta, waende warudi, siku tatu, huku watu wakimwagia maji na kusawazisha kwa majembe.

Mwanangwa alikuna kichwa. "Ng'ombe wote? Mchana?"

Asiye wa kwetu hawezi kujua uzito wa swali hilo. Miaka ile serikali ilitaka mifugo ipunguzwe. Kila mwaka kila mwenye zizi alitakiwa kuuza sehemu ya ng'ombe wake, na sehemu hiyo ilitoka kwenye hesabu ya karani. Kwa hiyo hapakuwa na mtu mwenye akili aliyelaza ng'ombe wake wote mahali pamoja. Watano kwa mjomba, saba kwa rafiki, mkiulizwa mnasema zizi hili hapa, hesabu. Na sasa mtu wa mashine ya serikali anaomba tuwapange wote juu ya tuta, mahali palipoinuka, wanaonekana hadi Itilima.

Dereva alipita nyumba kwa nyumba Jumapili nzima. Kwangu alinikuta naezeka banda. Alisimama mbali na zizi, kama kawaida yake.

"Karani hatakuwepo," alisema.

"Na wewe je? Wewe unakula mshahara wa nani?"

"Mimi sihesabu ng'ombe, bwana. Mimi nawaogopa. Mtu hahesabu kitu anachokikimbia."

Nilicheka, nikampa mkono, nikamwambia nitaleta wote. Nilikuwa na ishirini na watatu. Kijana wa miaka thelathini, bila baba wa kumsaidia, ishirini na watatu! Kila mmoja nilimjua nilivyompata: huyu kwa pamba, huyu kwa kuchimba visima vya watu, huyu kwa kubeba mizigo ya Wahindi mpaka mgongo ukachubuka. Usiku ule sikulala. Kabla jua halijapanda, shemeji yangu mwingine, kaka wa mke wangu, alikuwa njiani kwenda kwao Kiloleli na ng'ombe wangu kumi na tisa.

Mke wangu alinitazama nikirudisha mlango wa zizi. "Umemwambia wote," alisema.

"Wanne pia ni ng'ombe," nikajibu.

Nimesimulia mara nyingi, vilabuni na kwenye harusi, kwamba ng'ombe wa kwanza kupanda tuta walikuwa wangu. Ni kweli. Nilifika wa kwanza asubuhi ile. Sikuwahi kusema walikuwa wangapi.

Vipande vya tuta viligawiwa na mwanangwa kwa jinsi alivyowajua watu. Mwenye zizi kubwa kipande kirefu, mwenye zizi dogo kifupi. Mimi nilipewa hatua arobaini, upande wa mashariki. Mama Tingatinga, mwenye ng'ombe watatu tu, mmoja wao ana mimba, alipewa hatua tano, pembeni yangu. Nilipotokea na wanne hakuna aliyeuliza, maana kila mtu alidhani wengine wako nyuma, na vumbi lilipoanza hakuna aliyeona cha mwenzake. Walikuja wengi, sijaona tena ng'ombe wengi namna ile. Tuta zima lilikuwa pembe tupu. Dereva alikuwa amepanda juu ya buldoza lililokufa, ameshika bomba la moshi kwa mikono miwili, anapiga kelele kutoka huko: rudi, maji hapa, huyu anapita pembeni, mrudishe.

Siku ya tatu saa sita mimi niliona yangu yametosha. Mama Tingatinga alikuwa bado anawazungusha watatu wake katika hatua zake tano, anawasemesha mmoja mmoja.

"Bwana wa hatua arobaini," akanitania, "umeshamaliza? Au ng'ombe wako wana miguu minane?"

"Wana uzito, mayu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama. "Wanakula vizuri."

Alirudi nyumbani jua linazama. Karani hakuja siku ile, wala ya pili yake. Mvua ilikuja baada ya siku sita. Lambo lilijaa mpaka maji yakatafuta njia yao ya pembeni kama Dereva alivyopanga, na tuta likasimama. Mwanangwa alichinja. Nilicheza ngoma mpaka kisigino kikapasuka.

Buldoza likapata kifaa chake, likaondoka kwenda kuchimba kwingine na dereva mwingine. Huyu wetu aliacha kazi, akabaki. Watu walisema ni kwa ajili ya binti wa baba yangu mdogo, na kweli alimwoa mwaka uliofuata. Akajenga nyuma ya tuta, akalima pamba na mtama. Na hapa kuna jambo jingine lililotushangaza. Mtu aliyehamisha kilima kwa mkono mmoja wa chuma alilima kwa jembe la mkono. Plau alikataa, maana plau ina ng'ombe mbele.

Kila kiangazi, maji yakipungua, ungemwona chini ya tuta upande wa mashariki na jembe na kikapu cha udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaoshika kama gundi. Pale palikuwa na unyevu, majani ya kijani mahali pengine pakiwa pakavu. Ukimuuliza alisema, "Tuta linatoa jasho. Limebeba mzigo, lisitoe jasho?" Na mtu huyu, ambaye hakukubali hata greda liitwe tingatinga, tulimwamini. Hata mimi nilimwamini, au nilipenda kumwamini. Nilipita pale kila mara nikiwa na haraka.

Mimi nilikuwa napanda. Pamba ilinikubali, nikapata lori kuukuu, nikapata duka, na Uhuru ukiwa haujafika bado nikanunua trekta lililotumika kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama. Siku nilipolileta nyumbani sikwenda kwa mke wangu kwanza. Nilikwenda kwa Dereva. Nilitaka aone.

Nilimkuta chini ya tuta amepiga magoti. Alikuwa amezeeka kuliko miaka aliyokaa nasi, na macho yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa anapapasa matope kwa viganja, pole pole, kama mtu anayetafuta sindano. Nikazima injini, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila." Hakugeuka. "Hilo ni trekta."

"Watu njiani wameliita tingatinga."

"Waache," akasema.

Nilishtuka zaidi kwa neno hilo kuliko kwa macho yake. Nikachuchumaa karibu.

"Jasho limezidi mwaka huu," nikasema.

"Tuta halina jasho, shemeji. Haya ni maji." Akashika kiganja changu akakiweka kwenye udongo. Ulikuwa baridi, na ndani yake kitu kilikuwa kinatembea. "Yanapenya kule juu, yanatokea huku chini, kuanzia pale mpaka hapa. Hatua arobaini. Nimezipima kwa magoti miaka saba."

Trekta lilikuwa linapoa nyuma yangu, bati linalia ta, ta.

"Ulileta wanne," akasema.

"Ulisema huhesabu."

"Nilikuwa nimekaa juu ya chuma kibovu siku tatu, nimezungukwa na ng'ombe, siwezi kushuka. Ningefanya kazi gani nyingine?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Niliwaambia watu sihesabu, wakaniamini, wakatoa ng'ombe mpaka wa mahari. Ningesema fulani kaleta wanne, ina maana nilihesabu wa wote. Na karani angeuliza wengine wako wapi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wa Kiloleli."

Hata huko alijua. Sijui nani alimwambia. Mke wangu hajawahi kukubali.

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa natoa ahadi. Nikamwambia nitaleta trekta, nitafunga bamba mbele, nitasukuma udongo hapa mpaka tuta liwe nene mara mbili. Aliningoja nimalize.

"Chuma hakishindilii," akasema. "Mimi naziba kila mwaka, na mwaka huu sioni pa kuziba. Mvua ikija nzuri, yule mama wa bondeni ataamkia Kiloleli na kitanda chake."

Tulilipasua tuta kiangazi kilekile, maji yakiwa chini. Nililipa watu thelathini, na hili siwezi kuacha kulitaja. Walichimba hatua arobaini zote mpaka palipokuwa pakavu, wakajaza udongo wa kichuguu tabaka kwa tabaka. Na nilileta ng'ombe wangu. Nilikwenda mwenyewe kwenye kila zizi nililokuwa nimewalaza, kwa mashemeji, kwa marafiki, kwa mtu mmoja Nyashimo ambaye hata mke wangu hakumjua, nikawapitisha mchana katikati ya kijiji. Watu walitoka majumbani.

Mama Tingatinga alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Bwana wa hatua arobaini! Hawa wote wametoka wapi?"

Ningeweza kusema nimenunua. Angeamini, nilikuwa na lori.

"Walikuwa wamefichwa, mayu," nikasema, "tangu mwaka wa lambo."

Halafu akaingia ndani, akatoka na fimbo, akaja kusaidia kuswaga. Hakunitania siku ile, nami ningependa angenitania.

Dereva alikuwa amekalia kigoda pale tuta linapoanza, palepale njia ya ng'ombe ilipokuwa inageukia. Nilimwambia asogee, wanapita karibu. Akasema yeye hawaoni, na mtu hakimbii asichokiona. Walimpita umbali wa mkono mmoja tu, mikia ikimgusa bega, kwato zikizama na kung'oka kwenye udongo ule mwekundu, na yeye ameinamisha kichwa anasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza injini.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi. Nikasimama mbele yake.

"Wangapi?" akauliza.

"Sitini na mmoja."

"Na wale wa Kiloleli?"

"Walishakwisha zamani, shemeji. Hawa ni watoto wao na wajukuu."

Akasikiliza kidogo, kiganja chake kimelala juu ya tuta.

"Basi wapitishe tena," akasema.